Ziwa Lililofunika Bonde

Kila jioni baada ya masomo, Peres na rafiki yake Mbithe walibeba nguo chafu wakaenda kufua mtoni, chini ya ukuta wa bwawa. Baba zao walikuwa vibarua waliojenga ukuta huo, na familia zote mbili ziliishi katika kambi ya wafanyakazi upande wa Dagoretti. Mto ulipozibwa, maji yalipanda polepole hadi yakafunika bonde zima, likawa ziwa kubwa. Odero, babake Peres, aliwakanya wasiliingie. Alisema kingo za mto wa zamani bado zimo humo chini, na mtu hazioni.

Peres alizaliwa karibu na Ziwa Viktoria. Shuleni alijisifu kwamba huko aliogelea kama samaki. Kweli ni kwamba hakuwahi kuogelea hata siku moja.

Jumamosi moja Mbithe alimwomba amfundishe. Peres aliona haya kukataa. Waliingia ziwani, maji yakawafika magotini, kisha kiunoni.

"Endelea, hapa hapana kina," Peres alisema.

Mbithe alipiga hatua moja, akazama.

Mlinzi wa bwawa, Mwololo, alisikia mayowe ya Peres, akaja mbio na mti mrefu, akamvuta Mbithe nje akiwa amezirai. Peres alipoulizwa, alisema Mbithe aliingia kwa ukaidi wake, naye akimkataza.

Mbithe alilazwa hospitalini kwa homa ya mapafu. Aliporudi kambini akaeleza yaliyotokea, mama yake alimchapa kwa kumsingizia mwenzake. Peres alisikia kilio chake kupitia ukuta wa mabati. Chakula kilimshinda. Siku chache baadaye alimweleza baba yake yote, naye akampeleka kwa jirani.

Mama Mbithe alikuwa peke yake. Alikuwa amekwisha kumpeleka binti yake kwa bibi yake Machakos, akafunzwe adabu.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia aendelee," Peres alisema. "Sijui kuogelea."

Mama Mbithe aliketi. "Nimempiga mtoto wangu kwa kusema kweli," alisema taratibu.

Kesho yake alikwenda kumchukua. Mbithe alirudi shuleni, lakini aliomba dawati jingine. Peres alipomwomba msamaha, alimsikiliza, kisha akaenda zake.

Peres alimlilia baba yake. Odero alimwacha alie kwanza.

"Kweli uliyoisema imemrudisha Mbithe shuleni," alimwambia. "Lakini uliichelewesha, mwanangu. Mwenzako ndiye aliyepigwa wakati wewe unangoja kuwa jasiri. Hilo hata mimi siwezi kukuondolea."