Wageni wa Geti la Nyuma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda soko la Gikomba kuuza nguo za watoto, Kavutha alimpigia mumewe shati jeupe pasi. Lilikuwa shati la kazi. Mbaluka alikuwa dereva wa watalii, na kampuni yake haikutaka dereva mwenye nguo za mikunjo. Lakini mwaka huo wa 1998 shati lilipigwa pasi bure. Mbaluka alilivaa, akashuka ngazi za ploti yao ya vyumba vya kupanga huko Kayole, akaenda ofisini mjini, na kabla ya saa sita alikuwa amerudi. Hakuna mgeni, alisema. Kesho yake akasema hivyo hivyo.

Watalii walikuwa wameadimika. Mwaka uliotangulia kulikuwa na fujo kule pwani. Watu waliuawa, wengine wakakimbia makwao. Kisha mvua ya Elnino ikaja ikabomoa barabara na madaraja. Wageni walisoma habari hizo huko kwao, wakaamua kwenda kustarehe nchi nyingine. Magari ya kampuni yalikaa uani yakishika vumbi, na madereva wakakaa kando yake wakicheza drafti.

Siku moja Kavutha akiwa Gikomba alisikia redio ya fundi wa makabati. Sauti tamu ya mwanamke ilikuwa ikisema kwamba nchi hii ni ya mwananchi. Mwananchi azuru mbuga zake. Mwananchi ale na kulala katika hoteli zake, maana bei zimeshuka. Kavutha aliacha kukunja nguo. Alikuwa ameolewa na dereva wa watalii miaka tisa, na mtoto wao Kamene alimjua simba wa kwenye pakiti ya biskuti tu.

Jioni aliwaambia wanawake wa chama chake cha kuweka akiba. Kila mwaka, mwezi wa nne, chama kilimnunulia kila mmoja sufuria. Kavutha alisema sufuria walizonazo zinatosha kufungua duka, na hakuna aliyezihitaji nyingine. Mwaka huu waende wakaone wanyama, kisha wale chakula cha mchana mezani, kwa uma na kisu, kama watu. Wanawake walicheka lakini walikubali. Wangeenda kwa zamu, familia mbili mbili. Kavutha na rafiki yake Jecinta wangetangulia, warudi waseme kukoje.

Mbaluka peke yake hakufurahi. Alikuna kichwa, akasema mbuga ni sawa, lakini hoteli ya karibu nayo si mahali pa watu wa aina yao. Kavutha alimuuliza watu wa aina yao ni watu gani. Hata hivyo Mbaluka alimwomba mwenye kampuni gari moja. Mwenye kampuni alisema chukua, mradi muweke petroli.

Walikwenda Jumatatu ya Pasaka: Kavutha, Mbaluka na Kamene, pamoja na Jecinta na binti yake Shirleen, aliyekuwa ametoka tu kumaliza sekondari. Kwenye lango la mbuga hakukuwa na neno. Walionyesha vitambulisho, wakalipa kiingilio cha mwananchi, kilicho kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje, wakaingia. Kamene aliona simba watatu wamelala chini ya mti. Aliona twiga, akanyamaza kabisa, na Kamene hakuwa mtoto wa kunyamaza.

Saa saba walifika Hoteli ya Nyasi Ndefu, karibu na mbuga. Askari wa getini alikuwa mwanamume mnene mwenye sweta ya kijani na filimbi begani. Mbele yao gari la Wazungu wawili wazee lilifika. Askari alipiga saluti, akasema, "Jambo, karibu sana," akafungua geti lote. Kisha akalifunga.

"Nyinyi mnatafuta nani hapa?" akauliza.

Kavutha alisema hawamtafuti mtu. Wamekuja kula.

"Wafanyakazi wanapitia nyuma."

"Sisi si wafanyakazi. Tumekuja kula, na pesa tunazo."

Askari alichungulia ndani ya gari. Macho yake yakatua kwa Shirleen, yakamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Na huyu amekuja kumwona mgeni gani? Wasichana wa kutafuta Wazungu hawaruhusiwi hapa. Nimekatazwa."

Jecinta alishika mdomo. Shirleen, msichana wa kwaya ya kanisa, alitazama magoti yake. "Mathe, si turudi tu nyumbani," akamwambia mama yake polepole. "Sijui huyu ananionaje."

Kavutha alipandwa na mori. Alifungua mlango wa gari ili ashuke, na hapo mumewe akafanya jambo ambalo Kavutha hakulisahau. Mbaluka alimwambia askari, "Pole, mkubwa." Akarudisha gari nyuma taratibu, akazunguka ukuta, akapita mapipa ya taka, akasimama kwenye geti dogo la madereva. Alilijua geti hilo vizuri. Aliwaingiza jikoni, akasalimiana na mpishi kwa Kikamba, na mpishi kwa ukarimu wake akawapakulia ugali na kabichi. Walikula kwenye benchi, sahani mapajani, huku moshi ukiwaingia machoni.

Kamene alitazama huku na huku. "Baba, hapa ndipo wageni wako hula?"

Mbaluka alitafuna. Kupitia dirisha dogo walimwona mhudumu akipanga glasi kwenye ukumbi mkubwa. Ukumbi huo ulikuwa na meza nyingi na Wazungu wawili.

Kavutha alingoja wafike nyumbani.

"Nimeolewa na mwanamume, sikuolewa na dereva," alisema. "Mtoto wa Jecinta anaitwa malaya, wewe unaomba pole. Pole ya nini?"

Mbaluka alisema yeye hakuiweka sheria hiyo. Meneja wa hoteli anajuana na mwenye kampuni. Simu moja tu, na kesho gari linapewa mtu mwingine. Madereva wamejaa uani wanangoja nafasi. Je, wakila heshima watashiba? Kavutha alisema hata ile kabichi haikumshibisha. Wakalala kila mtu na ukuta wake.

Siku zilizofuata Kavutha hakutaka kuwaambia wanawake wa chama yaliyotokea. Aliona aibu. Alisema tu wangoje kwanza. Lakini Jecinta alimwambia jirani wa orofa ya chini, Bwana Obura. Obura alikuwa karani katika ofisi ya serikali inayotoa leseni za hoteli. Jumamosi alipanda ngazi, akakaribishwa chai, akamsikiliza Kavutha bila kumkatiza. Mbaluka alikaa pembeni akijifanya anarekebisha redio.

"Mama Kamene," Obura alisema mwishowe, "hoteli si nyumba ya mtu. Ni biashara iliyofunguliwa kwa umma, na ina leseni. Inaweza kumkataa mlevi. Inaweza kumkataa mwenye fujo au asiye na pesa. Kumkataa mtu kwa sababu ya rangi au kabila lake haiwezi. Katiba yenyewe inataja hoteli kwa jina. Na mwanamke akija bila mwanamume, huo si ushahidi kwamba ni malaya."

"Kama mnajua hayo," Kavutha alisema, "mbona mnawaacha? Mnangoja nini huko ofisini?"

Obura hakukasirika. Alisema ofisi yao hupata malalamiko kila wiki. Mzungu akikuta maji ya kuoga ni baridi, anaandika. Akikuta nzi kwenye supu, anaandika. Tangu aajiriwe hajawahi kuona lalamiko hata moja kutoka mitaa kama yao ya Eastlands. "Wakubwa wanadhani mmeridhika," akasema.

Maneno hayo yalimchoma Kavutha kuliko ya askari.

Kisha Obura akamgeukia Mbaluka. Alimwambia hasara hii ni yake pia. Mgeni wa nje huja akipenda. Akisikia fujo, hukaa kwao, na dereva hukaa kwake. Lakini watu wa mitaa ya Kayole, Umoja na Buruburu hawana pa kukimbilia. Wangekuwa wanaingia hotelini wikendi, wapishi wasingefutwa kazi na magari yasingelala uani. Nchi inayowafungia wenyeji geti inangoja wageni wa mbali kama mtu anayengoja mvua huku amefunika mapipa yake.

Akawaeleza la kufanya. Wapige simu mapema, waulize bei ya wananchi, waweke nafasi, na wamuulize jina yule anayepokea simu. Waende na vitambulisho. Wakizuiwa, wasitukane wala wasiondoke. Wamwite meneja, waulize sababu ya kukataliwa. Meneja naye akikataa, waandike jina lake, siku na mahali, walete ofisini. Leseni hufanywa upya, na wakati huo malalamiko husomwa.

"Yaani niombe ruhusa kwa simu ili nile katika nchi yangu," Kavutha alisema kwa uchungu.

"Leo, ndiyo," Obura alisema. "Hata mimi inanikera."

Jumatatu Kavutha alipiga simu kutoka kibanda cha simu cha Gikomba. Msichana aliyepokea alimpa bei na jina lake, akasema karibuni. Usiku Mbaluka alimwomba mkewe aende na Jecinta, yeye abaki. Kavutha alimwambia hatamlazimisha. Lakini akija, asiliguse geti la madereva. Na kama ataligusa, basi arudi peke yake.

Jumapili Mbaluka alivaa shati lake jeupe. Kavutha hakulipiga pasi siku hiyo. Mbaluka alilipiga mwenyewe.

Askari alikuwa yule yule. Alipoliona gari alitikisa kichwa. "Mmerudi tena? Mnatafuta nani?"

"Tumeweka nafasi," Kavutha alisema. Akataja jina la msichana wa simu.

"Hiyo sijaambiwa." Askari akampungia Mbaluka mkono, kama mtu anayemfukuza kuku. "Dereva, unajua kwenu ni wapi. Wapeleke watu wako nyuma."

Kavutha alimtazama mumewe. Mkono wa Mbaluka ulishuka kwenye gia. Uliliweka gari tayari kurudi nyuma, maana ulikuwa umefanya hivyo miaka tisa. Jecinta alifumba macho. Kisha Mbaluka akazima injini. Akachomoa ufunguo, akashuka, akasimama mbele ya geti.

"Leo sijaleta wageni," alisema. "Mgeni ni mimi. Huyu ni mke wangu, huyo ni mtoto wangu, na hao ni jirani zangu. Muite meneja."

"Utanifutisha kazi, wewe."

"Hata mimi naweza kufutwa. Muite."

Nyuma yao gari lingine lilifika, likapiga honi. Meneja alitoka mwenyewe kuona kuna nini. Alikuwa kijana wa tai, mwenye haraka. Alisema pengine kumetokea kutoelewana. Kavutha alikuwa ameahidi kutotukana, naye hakutukana. Lakini sauti yake ilifika hadi bustanini.

"Hakuna kutoelewana. Tumeelewana vizuri sana. Kwenye redio mnatubembeleza tuje. Tukija mnatuuliza tunatafuta nani. Msichana huyu aliitwa malaya hapa, mbele ya mama yake. Nani alimwagiza askari aseme hivyo? Kama ni wewe, nipe jina lako. Ninakwenda nalo kwenye ofisi ya leseni."

Meneja aliangalia ukumbi wake mtupu. Alimwomba Shirleen msamaha, si kwa sauti kubwa, lakini aliomba. Kisha akaamuru geti lifunguliwe lote.

Walikula mezani. Mbaluka aliuliza choo kiko wapi, akaona haya kuuliza, kwa maana alikuwa ameleta watu hotelini hapo mamia ya mara. Kamene alimwagia samaki wake ndimu hadi akakunja uso. Shirleen alikula kidogo. Chakula kilikuwa kizuri, na Kavutha alikula chote, lakini hasira yake haikuisha. Aliona si haki iishe upesi hivyo.

Baada ya hapo wanawake wa chama walienda kwa zamu, kisha chama cha Umoja kikasikia, kisha kwaya ya akina Shirleen. Hoteli ilibandika bei ya wananchi getini. Mwenye kampuni aliona gari lake linatoka kila Jumapili, akaacha kumpa Mbaluka kama msaada, akampa kama kazi. Watalii wa nje walikuwa bado wachache, lakini shati jeupe halikupigwa pasi bure tena.

Alasiri moja ya mwezi wa saba mtu alisimama mbele ya kibanda cha Kavutha Gikomba. Alikuwa na fulana kuukuu, na bila filimbi na sweta ya kijani Kavutha hakumtambua mara moja. Alikuwa yule askari. Alisema anaitwa Kabiru. Alikaa Kayole vilevile, upande wa pili wa Spine Road.

Kavutha aliendelea kukunja nguo. "Unatafuta nani hapa?"

Kabiru aliinamisha kichwa. Alijua amestahili. Alisimama hapo huku wateja wakimsukuma, na Kavutha akamwacha asimame.

"Nina mke na watoto wawili," alisema mwishowe. "Nimelinda lile geti miaka mingi. Hawajawahi kuingia. Nimesikia mnapeleka watu."

Kavutha alikunja gauni la mwisho, akaliweka juu ya mengine. Alimkumbuka Shirleen akitazama magoti yake. Alimkumbuka Kamene na sahani mapajani.

"Utamwomba Shirleen msamaha kwanza," alisema. "Mbele ya mama yake. Ukishamaliza, njoo Jumapili asubuhi na vitambulisho. Mtapitia mbele."