Mama Mkwe Mgongoni

Daraja la mbao lilikatika mama mkwe akiwa katikati yake. Mkwewe, fundi wa friji, alikuwa ameshavuka, amegeuka kumpa mkono, mara akasikia mbao zikilia na kumwona mama wa watu akienda na maji.

Alijitosa na viatu vyake. Kijito ambacho asubuhi kilikuwa hakifiki magotini kilikuwa kimefura kwa mvua, kinabeba magogo na tope. Alimkuta amenasa kwenye mizizi, mdomo umejaa mchanga, akamvuta kwa kwapa hadi ukingoni. Mkoba wenye maji, chakula na simu zao ulikuwa umeshakwenda baharini.

"Mguu, baba," mama alisema. "Usiuguse."

Chini ya goti mguu ulikuwa umepinda pasipokuwa na kiungo.

Walikuja kisiwani wawili, kwa ajili ya mtu wa tatu aliyekuwa kaburini. Kidege, mke wa fundi na binti pekee wa mama huyu, alikuwa na kalenda ya zamani jikoni ambayo hakutaka itolewe ukutani, kwa sababu ya picha ya kisiwa hiki: hifadhi ya msitu na ndege weupe, hakuna gari wala hoteli. "Mama akistaafu nampeleka," alikuwa akisema. Mama alistaafu kazi ya udobi hospitalini wiki chache baada ya kumzika. Basi fundi akafunga karakana yake, kile chumba chembamba kilichojaa milango ya friji na harufu ya gesi, akaenda kwake akasema, "Mama, twende."

Asubuhi boti ya hifadhi iliwashusha gatini. Walivuka msitu kwa njia ya wageni hadi ufuko wa upande wa pili, wakakaa wakitazama mchanga usio na unyayo wa mtu. Hawakuongea sana. Tangu msiba walikuwa wakiheshimiana kwa namna ya kuogopana. Wakiwa njiani kurudi, mbingu ikapasuka.

Fundi aliuweka mguu katikati ya vipande viwili vya mbao za daraja, akaufunga kwa mkanda na shati lake alilolichana. Mama aliuma mtandio wake, jasho likimtoka, asipige kelele. Mbele yao njia ya kwenda gatini ilikuwa imezibwa na miti iliyoanguka, mmoja juu ya mwingine.

"Niache hapa, ukaite watu."

"Giza likiingia sitajua nilikuacha wapi."

"Sasa?"

"Panda mgongoni, mama. Tufuate mlio wa bahari. Boti itatutafuta pwani, siyo humu."

Mama alisita. Kisha akacheka kidogo, kicheko kilichokatishwa na maumivu. "Uzee huu nabebwa na mkwe! Kidege angetucheka mpaka akae chini."

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa baina yao tangu mazishi. Fundi aliinama ili asionekane uso, akambeba.

Walikwenda kwa kusimama na kuanguka. Miiba ilimchana kifua kilichokuwa wazi, tope likamvua kiatu kimoja. Kila alipojikwaa, mama aliguna sikioni mwake na kumwomba yeye radhi. Mvua iliyotaka kuwaua ilikatika, na kiu ikaanza. Maji ya vidimbwi yalikuwa ya chumvi, kwa kuwa bahari ilikuwa imepanda mpaka ndani ya mikoko. Walilamba matone kwenye majani mapana, mama kwanza, fundi baadaye. Usiku waliupitisha chini ya mwamba, migongo ikiwa imeegemeana.

Kulipokucha mama alikuwa anawaka homa, na mguu umevimba hadi ngozi inang'aa. Fundi alimbeba tena. Sasa alikuwa mzito zaidi, au nguvu ndizo zilizokwisha.

"Nikuulize kitu, usinidanganye," mama alisema, shavu lake likiwa begani mwake. "Siku ile nilikuwa chini kule dobi, napiga pasi mashuka, Kidege yuko wodini, ghorofa ya juu yangu. Ulisema alilala tu. Hakuniita?"

Fundi alisimama. Alishika mti kwa mkono mmoja.

"Alikuita, mama. Sana. Mimi niliogopa kumwachia mkono nikufuate. Halafu akawa hanijui tena, ananiita mimi mama."

"Ukamwambiaje?"

"Nikaitika. Nikamwambia, nipo, mwanangu."

 Fundi alihisi kitu cha moto kikimchuruzika shingoni, na mikono ya mama iliyokuwa ikimshika kwa haya sasa ikamkumbatia kwa nguvu zote zilizobaki.

"Twende, mwanangu," alisema baadaye. Siku zote alikuwa akimwita baba.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali walipotokeza ufukweni. Fundi alimlaza kivulini, akamvua mtandio na kuupunga hadi mkono ukakataa. Boti ya hifadhi ilikuwa inazunguka rasi polepole. Askari wa hifadhi aliruka majini kabla haijafika.

"Ana kiu," fundi alimwambia kwa sauti iliyokauka. "Mpe taratibu. Mguu usiukunje."

Walimlaza mama kwenye majaketi ya kuokoa maisha, wakaondoka. Alipokwisha kunywa aliomba ainuliwe kichwa. Kisiwa kilikuwa nyuma yao, kijani kitupu, ndege weupe wakirudi mmoja mmoja kwenye miti iliyobaki imesimama.

"Pazuri," alisema. "Jamani, pazuri kweli. Na hakupaona."

Hapo fundi akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya kaburi. Mama aliuvuta uso wake hadi mapajani mwake, akawa anamtoa mchanga nywelini kwa vidole, huku askari wa hifadhi akitazama upande wa pili na nahodha akipunguza mwendo ili mawimbi yasiutikise ule mguu.