Mkaratusi Uliokaguliwa Sana

Suruali ya Valeria ilipasuka Jumamosi, katikati ya soko la Sumbawanga, saa ambayo mashahidi ni wengi. Alikuwa anashuka nyuma ya pikapu ya ofisi, mguu mmoja chini, mwingine bado juu, kitambaa kikalia chraa! kuanzia pa kukalia hadi karibu na goti. Ilikuwa ile suruali ya kijani ya maafisa misitu, imepigwa pasi mpaka ukingo wake ungekata mkate. Upepo wa Ufipa haujawahi kumstahi mtu. Uliingia humo kama uliokaribishwa.

Muuza samaki wa migebuka mmoja akageuza uso kwa adabu. Halafu akaugeuza tena, maana adabu nayo ina kiasi chake.

Valeria akaanza kutembea kinyumenyume, jalada la ofisi amelibana nyuma kwa mikono miwili, akiwachekea watu kana kwamba ndivyo anavyotembea kila siku. Alirudi hivyo hivyo mpaka akagonga cherehani iliyokuwa barazani mwa duka la vitambaa.

"Karibu, dada," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Wateja wengine huwa wanatanguliza uso."

"Kaka, usiangalie. Shona tu."

"Nishone bila kuangalia? Si nitakushona na wewe mwenyewe!"

Akamrushia kitenge ajifunge, akampisha nyuma ya pazia. Fundi huyo alikuwa Flavian, kijana mrefu wa mtaa wa Kizwite, tepu shingoni, shati la kitenge alilojishonea mwenyewe, limembana mahali pa kumbana na kumwachia mahali pa kumwachia. Wasichana wa sokoni walikuwa wanararua nguo nzima makusudi ili wampelekee. Valeria hakuwa na habari hiyo. Yake iliraruka yenyewe, na labda ndiyo maana ilifanya kazi vizuri zaidi.

"Aliyeshona hii alikuwa anawahi kula," Flavian alisema, sindano mdomoni.

"Hiyo ni sare ya serikali."

"Basi serikali ilikuwa na njaa." Akaigeuza suruali, akaona nembo ya mti. "Ala! Kumbe wewe ni mtu wa misitu? Mimi nyumbani kwa mama nina mkaratusi nataka kuukata. Unamwaga matawi juu ya jiko lake."

"Umeomba kibali?"

"Kibali cha nini? Kiwanja chetu, mti alipanda marehemu baba."

"Hata angeupanda juu ya kitanda chake. Hapa mjini mti haukatwi hivi hivi. Unaandika maombi, mwenyekiti wa mtaa anapitisha, tunakuja kukagua, ndipo tunasema ukatwe au uachwe."

"Utakuja wewe?"

"Atakuja afisa."

"Mimi nimeuliza wewe."

Nyuma ya pazia kitenge kikakazwa fundo. Halafu Valeria akasema, kwa sauti ya ofisini kabisa, "Inategemea na ratiba." Lakini alikuwa anatabasamu, na kwa kuwa pazia lilikuwa jepesi, Flavian aliliona tabasamu lote.

Ratiba ikakubali haraka ajabu. Wiki hiyo hiyo Valeria alikuwa Kizwite, suruali imeshonwa imara, midomo imepakwa rangi ambayo haimo kwenye kanuni za misitu. Akamwamkia Mama Marsiana, mama yake Flavian, mjane mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabega, kisha wakaenda nyuma ya nyumba. Mkaratusi ulikuwa umesimama pale, mnene, umeinama kidogo juu ya jiko la nje.

"Nimesahau tepu," alisema Valeria.

"Tumia yangu."

Kwa hiyo mti ukapimwa kiuno kwa tepu ya kupimia viuno vya wanawake. Flavian akashika ncha, Valeria akazunguka na nyingine. Tepu ikawa fupi. Ikabidi wote wawili wanyooshe mikono, kila mmoja upande wake, mashavu yameegemea gome, mpaka vidole vikakutana kule nyuma. Vilipokutana havikuachana upesi. Mti haukusema kitu.

Kisha Valeria akagonga shina kwa kisu chake cha kazi. Akagonga tena chini zaidi. Akatega sikio, akaandika.

"Vipi, afisa?"

"Nitahitaji kurudi," alisema Valeria.

Akarudi. Akaja tena kuangalia mizizi. Akaja kuangalia kivuli kinaangukia wapi asubuhi, akaja tena kuangalia kinaangukia wapi jioni, na jioni hiyo akala ugali wa ulezi kwa dagaa, akasifu, akaongezewa. Redempta, jirani wa ukutani ambaye macho yake hayana likizo, akamwambia Mama Marsiana, "Huo mti una mimba? Mbona unapelekwa kliniki kila wiki?"

"Nyamaza wewe," akajibu Mama Marsiana, mabega yakitikisika. "Acha ukaguliwe."

Usiku simu zilikuwa hazipoi.

"Mkaratusi wangu unaendeleaje?" Valeria angeuliza.

"Umekukumbuka, bebi. Leo haujala."

"Uambie nakuja Alhamisi."

"Na mwenye mti je?"

"Mwenye mti naye aoge."

Siku moja tu Flavian aliuliza, "Lakini mpenzi, mti wenyewe unakatwa au haukatwi?" Valeria akasema uchunguzi bado, na Flavian, niseme ukweli, hakusukuma. Alijua kibali kikitoka, afisa naye hatakuwa na sababu ya kuja. Aliona afadhali matawi yaendelee kuanguka polepole.

Sasa, huko kwa Mama Marsiana kuna desturi, na ni desturi ya nyumba nyingi za Ufipa. Mgeni aliyekula kwako akarudi akala tena haachwi aondoke mikono mitupu. Anapewa kuku, tena mzima, aondoke naye akipiga kelele njiani ili watu wajue alikotoka alipendwa. Valeria kila mara alikuwa anaondoka mbio kwa pikipiki, na deni la heshima lilikuwa linamkaa mama huyu kooni. Akakamata tetea mwekundu, akamfunga miguu, akamwita bodaboda, akamwambia, "Mpelekee binti wa misitu, ofisini kwake." Hakumwambia Flavian. Kwani kumpa kuku mkwe kunaombewa ruhusa?

Bodaboda akaingia ofisini siku ambayo watu walikuwa wamejaa kwenye benchi, na mkuu wa idara, mtu mgeni mkoani, amesimama mlangoni na chai.

"Jamani!" bodaboda akapaza sauti. "Nina kuku wa afisa misitu! Anatoka kwa yule jamaa wa mti wa Kizwite!"

Kamba ikakatika. Tetea akaruka juu ya meza ya Valeria, akakanyaga majalada, akasimama, kwa bahati yake mbaya, juu ya jalada lenye maombi ya Flavian, akaachia hapo alichokuwa amebeba tumboni tangu Kizwite.

Benchi zima likacheka. Mkuu hakucheka. Akavuta jalada kwa ncha ya vidole, akasoma.

"Valeria. Mti mmoja, ukaguzi kila wiki, uamuzi hakuna. Na sasa kuku. Hii mimi naiitaje?"

"Mzee, mimi sijaomba kuku."

"Sheria ya rushwa haiulizi kama uliomba. Jalada hili anachukua Lazaro. Wewe utaniandikia maelezo. Maelezo yakinipungukia, yanakwenda mbele."

Valeria alikuwa binti wa Wampembe, kwa wavuvi wa ziwani, ambako mgeni analishwa samaki pale pale mpaka ashindwe kuinuka, na basi. Habari ya kuku wa kuondoka naye hakuijua. Alichojua ni kwamba kazi aliyoisomea kwa jasho inaning'inia, na aliyeining'iniza ni mwanamume aliyemshikia tepu. Akatoka nje, akapiga simu.

"Flavian, umeninunua kwa kuku?"

"Kuku gani tena, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi! Kumbe muda wote ulikuwa unakitaka kibali. Ungesema mapema nikuambie bei, walau ungeleta ng'ombe!"

"Valeria, ngoja, kuku wa nani?"

Simu ikakatwa. Flavian akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, imezimwa.

Flavian akaenda nyumbani mbio kumuuliza mama yake, akamkuta barazani kwa Redempta, amekaa chini, mwiko wa ugali bado mkononi. Upepo wa mchana ule ulikuwa umeangusha tawi, na safari hii halikuwa tawi la kuwashia moto. Lilikuwa nene kama paja. Lilikuwa limetoboa bati la jiko, likavunja chungu, likalala juu ya kile kigoda ambacho Mama Marsiana hukalia akisonga ugali. Saa hiyo yeye alikuwa amekwenda kwa Redempta kuomba chumvi.

"Mungu ameniita kwa chumvi," alisema, lakini mabega hayakutikisika.

Kesho yake akaja Lazaro, afisa mwenzake Valeria, mtu wa maneno machache. Akagonga shina kwa kitako cha panga, likaitika kama ngoma.

"Ndani hamna kitu. Mchwa wamekula wakamaliza zamani. Unakatwa Jumamosi, na mtapanda miche mitano badala yake, nitakuja kuhakiki." Akamtazama Flavian. "Mwenzangu aligonga hapa?"

"Aligonga."

"Basi alisikia," alisema Lazaro, akaondoka.

Flavian alibaki ameushika mti. Jioni akapiga simu. Safari hii ikapokelewa.

"Ulijua mti umeoza?"

Flavian akasikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Valeria, nakuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipougonga siku ile ya kwanza. Flavian, nilitaka tu kurudi. Nikasema wiki moja zaidi, kisha moja zaidi..."

"Mama yangu anapika chini ya ule mti! Jana tawi limekalia kigoda chake!"

"Yesu wangu! Mama yuko..."

"Mzima. Kwa chumvi ya jirani."

Na sasa ni Flavian aliyekata.

Usiku ule Valeria hakulala wala hakulia sana. Aliandika maelezo yake. Angeweza kuandika habari ya kuku peke yake, akapona. Aliandika na ya mti: kwamba aliijua hatari yake, akachelewesha kwa sababu zake binafsi, na mwenye mti hakuhusika. Mkuu aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Sababu binafsi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ndiye huyo wa kuku?"

"Kuku ni wa mama yake. Lazaro amenieleza, huku ni desturi."

Mkuu akapangusa miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akampa onyo la maandishi, akamhamishia kwenye bustani ya miche, akamwambia mambo ya binafsi ayamalize Jumamosi, siku isiyo ya kazi.

Jumamosi hiyo mkaratusi uliangushwa kwa kamba na msumeno, mtaa mzima ukitoa maelekezo. Vumbi lilipotulia, Valeria alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na sare. Alivaa gauni la kitenge cha bluu, viatu vya chini, nywele amezisuka upya. Akapita katikati ya watu wote, asimtazame Flavian, akaenda kupiga magoti mbele ya Mama Marsiana.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kukuomba msamaha. Nilijua mti mbovu nikanyamaza, ili nipate sababu ya kuja hapa. Ningekuua."

Redempta akaacha hata kutafuna.

"Marahaba. Umekosa, mwanangu. Tena umekosa sana."

"Ndiyo, mama."

"Ungetaka kuja si ungekuja tu? Ugali wangu unahitaji kibali cha manispaa?" Na mabega yakaanza, kwanza moja, kisha yote mawili. "Inuka, unachafua gauni. Aliyeninyima usingizi ni huyo mwanangu, tangu juzi anashona mikono ya mashati shingoni."

Watu wakaangua kicheko. Flavian akaja, sepetu mkononi, uso umefungwa lakini fundo limeshalegea.

"Mimi nilikukasirikia," alisema.

"Na mimi nilikutukana bei ya ng'ombe."

"Hilo nimelisamehe. La mama nimechelewa kidogo." Akachoma sepetu ardhini. "Lakini mimi pia nilinyamaza. Niliona matawi yanaanguka, sikudai kibali, nikiogopa hutakuja tena. Tungemuua wote wawili. Valeria, nimechoka na afisa wa kuja na kurudi. Nataka wa kukaa hapa hapa."

"Mbele za watu wote hawa?"

"Suruali yako ilipasuka mbele za wengi zaidi."

Valeria akaangalia pembeni, akauma mdomo asicheke. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaenda kukagua mashimo matano ya miche yaliyokwisha kuchimbwa kuzunguka kiwanja, moja baada ya jingine, mikono nyuma, kama mtu wa kazi. Mtaa mzima ukamfuata kwa macho. Alipofika kwenye la mwisho, lile la katikati ya uwanja, upande wa jua, akasimama, akaupiga teke dogo udongo wake urudi ndani.

"Hili lifukieni," alisema. "Mche huu pandeni kule ukutani."

"Kwa nini?" akauliza Flavian. "Hapo si kuna jua zuri?"

"Ndiyo maana. Hapo nitafunga kamba ya kuanika nepi."

Redempta ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.