Mkono Usioshuka

Ilikuwa sauti moja tu, vayolini, chini sana, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Aristides aliisikia akiwa kitandani, akajua inatoka studio, chumba cha pili, na kompyuta alikuwa ameizima mwenyewe. Ikapanda kidogo, ikakwama, ikapanda tena, ikanyamaza.

Asubuhi alijiambia ni usingizi. Alikuwa na shida kubwa zaidi. Kwaya ya kwao, Rubya, ilimpa wimbo wa jubilei ya parokia aurekodi, na siku hiyo Renatha, mwalimu wa kwaya, alikuwa anakuja studio, Miembeni mjini, kuuchukua. Waimbaji walishamaliza kazi yao. Zilibaki vayolini za kompyuta, ambazo Aristides aliziongoza kwa kutelezesha kidole kwenye kishikwambi: kidole kikipanda, sauti inavimba, kikishuka, inalala. Kwenye kompyuta ulitakiwa kuchoreka mstari mlaini kama mgongo wa kilima. Ulichoreka ngazi, na vayolini zikapanda kwa kushtuka-shtuka.

Aliacha waifai, akatumia waya. Ngazi. Akabadilisha waya. Ngazi. Akafuta programu zote alizoshuku, akaulainisha mstari kwa mkono, nukta kwa nukta, mpaka macho yakamwasha. Aliporudia kusikiliza, ngazi zilikuwa zimerudi, kila moja mahali pake.

Mchana Renatha aliingia pamoja na mama yake Aristides, Ma Kokugonza, na mkungu wa ndizi.

"Fundi, ndizi hizi hapa," alisema Renatha. "Wimbo uko wapi?"

"Umepanda ngazi, haujashuka."

Renatha alicheka. Ma Kokugonza hakucheka. Wimbo ule ulitungwa na mwanawe mkubwa, mwalimu wa kwaya kabla ya Renatha, ambaye mtumbwi wake ulipinduka karibu na visiwa vya Muleba na mwili haukuonekana. Tangu siku hiyo mama alikataza jina lake lisitajwe. "Ziwa halijanirudishia mtu," alisema. "Ukimwita, hujui atakayeitika. Mle chini kuna majini, na yana masikio."

Aristides aliwasha wimbo, akaweka kidole. Renatha akainama karibu na kioo.

"Bojo, ndugu yangu, tazama," alinong'ona. "Kidole chako kinapanda, mstari unashuka."

"Ni mashine."

"Mashine haibishani na mtu. Kuna mwingine anavuta. Toa kidole."

Akatoa.

Alama ya kidole kwenye kishikwambi ikaendelea kutembea peke yake, na kwa mara ya kwanza mstari ukachoreka mlaini, bila ngazi hata moja, ukipanda polepole kwa namna ambayo Aristides, aliyeimba kwaya pamoja na Renatha miaka yote chini ya mkono wa kaka yake, aliijua kabla hajataka kuijua, na chumba kikajaa harufu ya buni za kahawa za kuchemsha, zile ambazo kaka alizoea kuzitafuna akifundisha, na chini ya kahawa harufu nyingine, ya matope na samaki aliyelala, na sauti zikafika noti ya mwisho, pale ambapo kaka alikuwa akiinua mkono na hakuna mwimbaji aliyethubutu kuvuta pumzi mpaka aushushe.

Mstari ukafika juu. Ukabaki hapo.

Aristides alichomoa waya. Akazima kompyuta, kioo kikawa cheusi. Spika hazikunyamaza. Akamgeukia Renatha aseme naye, akakuta Renatha ameshika koo, midomo wazi, na ndipo alipotambua kwamba yeye mwenyewe hapumui. Kifua kilikuwa kimejaa na kufungwa, kikingoja mkono.

Ma Kokugonza, ambaye hakuwahi kuimba kwaya, ndiye pekee aliyebaki na pumzi.

"Mwanangu," alisema kwa upole, akitazama ukuta mtupu. "Shusha mkono. Unamuua mdogo wako."

Sauti ikavimba zaidi. Aristides alipiga magoti. Juu ya meza, karibu na kishikwambi, likatokea ganda la kahawa lililotafunwa, bado limelowa mate.

Mama akalitazama ganda, akamtazama mwanawe mdogo sakafuni, ambaye uso wake ulikuwa ukigeuka rangi ya majivu. Alifunga macho. Alijua kwamba bei ya pumzi ya Aristides ni jina alilolikataza na ruhusa ya kuingia, na kwamba aliye nyuma ya ule mkono huenda si mwana aliyemnyonyesha.

"Ildefons," akaita. "Ildefons, ingia."