Subiri Kidogo, Mama

Rafiki yangu Yusra wa Mwabungo alitumwa kurudisha mkanda wa marehemu Bi Kadzo kwa Lewis, mtafiti anayekaa Diani. Mkanda ule hufungwa kifuani, na kupeleka mapigo ya moyo papo hapo kwenye kompyuta ya Lewis. Bi Kadzo, aliyekuwa akimbembelezea Yusra mtoto kila jioni, alikuwa amempigia Lewis simu kusema unambana, pumzi haipatikani. Akajibiwa, "Subiri kidogo, mama, rekodi isikatike." Waliomvua mkanda huo ni wanawake waliomwosha kwa mazishi.

Yusra alimkuta Lewis gizani. Stima ilikuwa imepotea, lakini kompyuta ilikuwa ikidunda, du, du, du, na kwenye kioo chake limeandikwa jina la Bi Kadzo.

"Dada, umeuvaa?" Lewis akauliza.

"Uko humu." Yusra akafungua pindo la leso. Mkanda ulikuwa baridi, unanukia kafuri.

Mdundo ukaenda mbio. Lewis akashika kifua, akateremka sakafuni. "Nivue, dada. Unanibana."

Shati lake lilikuwa wazi. Kifuani hapakuwa na kitu.

Yusra akainama amsaidie. Ndani ya kompyuta, sauti ya upole aliyoijua ikasema, "Subiri kidogo, baba."