Kashata, Mgeni wa Tajiri

Kila asubuhi, kabla ya kubeba ndoo kwenda bombani, Lidwina alifagia kona ya jiko la nje alimokaa Tajiri. Jina tu hilo, mali hakuwa nayo. Tajiri alikuwa simbilisi, mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na panya mnene asiye na mkia. Aliishi ndani ya sanduku la mbao lililokuja na sabuni za nje, siku zile maduka ya Songea yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani watu walivipangia foleni. Lidwina alipomtupia majani mabichi, Tajiri alipiga miluzi kama mtu aliyeshinda njaa mwaka mzima.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, rafiki yake Zuhura alifika akiwa amekumbatia boksi. Zuhura naye alikaa hapo hapo mtaa wa Msamala, na sasa alikuwa anakwenda na wazazi wake Nakapanya, huko Tunduru, kwa babu, kuvuna korosho. Ndani ya boksi alikuwamo simbilisi wake wa rangi ya kahawia, aliyemwita Kashata.

"Nakuachia amana, Lidwina," alisema. "Ila usimweke na Tajiri. Baba anasema madume mawili hayakai pamoja. Kila mmoja na nyumba yake, na chakula chake."

"Haya, nimesikia," Lidwina alijibu, lakini moyoni alichukia. Kwani Tajiri wake ana upele?

Tena kwao mgeni hatengwi. Binamu zake walipokuja kutoka Mpitimbi, walilala naye kitanda kimoja na kula ugali sahani moja, na mtoto aliyejitenga na wageni alikiona cha moto kwa mama. Leo Kashata aje, halafu ale peke yake kama mwenye kosa? Kesho yake, mama alipokwenda gengeni kuuza maandazi, Lidwina hakuweza kuvumilia zaidi. Alimtoa mgeni kwenye boksi, akamweka kwa Tajiri, akawatilia majani kwenye sahani moja.

Tajiri alianza kunguruma. Manyoya ya shingo yalisimama, akatembea kwa maringo huku akigonganisha meno.

"Wanasalimiana," Lidwina alijiambia, akaenda kuanika nguo.

Hakumaliza hata kamba moja. Kelele alizosikia zilimrudisha mbio. Wale wawili walikuwa wameshikana, wanabiringika juu ya majani. Alipofanikiwa kuwaachanisha, kidole chake kilikuwa kimeng'atwa, na bega la Kashata lilikuwa linatoka damu. Lidwina alilia. Aliliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akamrudisha Kashata kwenye boksi na kulisukuma nyuma ya gunia la mkaa.

"Mgeni anakula?" mama aliuliza aliporudi.

"Anakula, mama."

Kashata hakuwa anakula. Tangu hapo Lidwina hakutulia. Alikaa, akainuka, alichambua mchele, akaenda kuchungulia nyuma ya gunia. Kila lori lililotokea upande wa Tunduru lilimfanya aruke kwenda kutazama kama Zuhura yumo. Bega la Kashata lilivimba, likaanza kunuka. Angemwambia nini Zuhura?

Harufu hiyo ndiyo iliyomfikisha mama nyuma ya gunia.

"Maskini ya Mungu! Huyu kaumwa na paka!" mama alisema kwa hasira. "Ni yule paka wa Mama Beda. Nimechoka naye. Leo leo atanisikia!"

Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akashika njia ya kwa jirani. Lidwina alimwona akivuka uwanja. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Paka hawezi kujitetea, na Mama Beda ni mtu mzima, angejibu mwenyewe. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia.

"Mama, simama! Si paka. Ni mimi. Niliwaweka pamoja, na Zuhura alinikataza."

Mama aligeuka. "Na ukaniambia anakula."

"Nilidanganya, mama. Naogopa atakufa."

"Lete boksi. Twende kwa bwana mifugo. Ya kukugombeza nitakuja nayo baadaye."

Bwana mifugo alilipasua jipu, akatoa usaha na kulisafisha. Aliwapa dawa ya kupaka. "Mngechelewa kidogo tu, angekufa," alisema. Lidwina alimpaka Kashata dawa asubuhi na jioni, akamwekea majani karibu na mdomo, mpaka akaanza kutafuna tena.

Zuhura aliporudi, alisimama mlangoni akiwa bado na vumbi la safari.

"Shikamoo, mama Lidwina."

"Marahaba, mwanangu. Lidwina ana neno na wewe."

Lidwina alimweleza yote, bila kupunguza. Zuhura aliliinamia boksi. Alimpapasa Kashata penye kovu, machozi yakamlengalenga, akabeba boksi na kuondoka. Lidwina alibaki ameinamisha kichwa. Zuhura alifika kwenye ua, akasimama, halafu akarudi.

"Dawa haijaisha," alisema kwa sauti kavu. "Mimi sijui kumpaka. Endelea naye mpaka apone. Ila wallahi, peke yake!"

"Peke yake," Lidwina alisema, akalipokea boksi kwa mikono miwili.

Zuhura alipoondoka, mama alimvuta binti yake karibu.

"Kumkarimu mgeni si kumpa unachokipenda wewe, Lidwina. Ni kumpa kinachomfaa yeye. Mtu anapenda kulala na wenzake. Dume la simbilisi linataka nafasi yake. Ulikosea hapo, lakini kosa lile lilimpa Kashata jeraha tu. Uongo wako ndio ungemuua, maana ulitunyima nafasi ya kumtibu mapema. Siku nyingine ukiharibu, sema siku hiyo hiyo."

"Ndiyo, mama," alisema Lidwina, akaenda kuchukua dawa.