Mwenyewe wa Sanduku

Vifundo vile havikuwa vyake. Fundi cherehani aliyeshika uzi tangu utotoni hashindwi kuutambua mkono wake, na mama huyu aliporudi jikoni mchana ule alikuta masufuria aliyoyapanga rafuni asubuhi yameteremka sakafuni, yamefungwa ndani ya shuka, na shuka imekazwa vifundo vidogo vidogo vilivyogeukia ndani.

"Nani amefunga tena vyombo?" alifoka.

Mumewe, mwalimu aliyehamishiwa mji huu wa mbali, alikuwa juu ya godoro lililokunjwa akitafuta chaja. "Mimi nafungua, sifungi."

"Hata mapazia yangu yamekunjwa, mama," binti yao alisema kutoka chumbani kwake.

"Basi yamejikunja yenyewe? Haya, hongereni, nyumba yenye mapazia yenye akili!"

Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Kampuni ya kuhamisha mizigo iliahidi siku mbili, lori likaja baada ya juma zima. Dereva hakuwa akipokea simu, na akipokea anasema "nipo karibu, mama", ukadhani Karibu ni jina la mji. Meza ilifika na miguu mitatu. Kioo cha kabati kilifika kimekuwa changarawe. Kitu kimoja tu kilifika bila mkwaruzo, nacho ni sanduku lake la mbao.

Hilo alijisifia nalo. Ndani mlikuwa na bangili za dhahabu za marehemu mama yake, ambazo binti angezivaa siku ya ndoa yake, na ndoa ilikuwa inakaribia. Karani wa kampuni alimwonya mapema: dhahabu na vyeti beba mwenyewe, sisi hatudhamini. Mumewe akashauri wazitie kwenye mkoba, waupakate njia nzima.

"Kwenye basi? Usinzie, uamke umepakata mkanda wa mkoba?" alimkebehi.

Akafanya alichomwona shangazi yake akifanya zamani kulinda bidhaa zake sokoni. Alilizungushia sanduku kitambaa chekundu, akalifukiza ubani, na wapagazi walipokuja kupakia akaweka kiganja juu ya kifuniko, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwenyewe, mali yako hii, ilinde. Atakayelifungua, mchukue, ni wako."

Wapagazi wakatazamana. Msimamizi wao, pandikizi la mtu lililobeba friji mgongoni peke yake, akanong'ona, "Mama, umeita kweli au unatutisha?"

"Gusa uone."

Siku ile alicheka yeye na binti yake mpaka mbavu zikawauma. Siku lori lilipofika hakucheka mtu. Wapagazi waliliteremsha sanduku kwa kulisukuma na mpini wa ufagio, na dereva, macho mekundu, akasema, "Linagonga, mama. Tukienda linagonga, tukisimama linanyamaza. Vijana wamenikimbia njiani mara mbili, nikawa natafuta wengine." Fundi akaona ni visingizio vya wavivu, akampa chai ya matusi, akaenda kuoga.

Kesho yake ndipo vitu vilipoanza kujifunga. Mwanzoni walilaumiana. Mwalimu alivua viatu chini ya meza, akala, akaviinamia, akavikuta vimeviringishwa kwenye gazeti. Wakabishana hadi wakanuniana. Halafu ikaja harufu ya ubani, mchana kweupe, wala hapakuwa na kaa la moto nyumbani, na nyuma ya harufu ukaja mlio wa kamba inayovutwa na kukazwa, taratibu, na mtu asiye na haraka, kwanza nyuma ya ukuta wa stoo, kisha chini ya kitanda cha binti, kisha kila mahali ambapo wao hawapo, hata fundi akawa anakimbia kutoka chumba hadi chumba akifungua vifurushi kwa meno, na kila akimaliza kimoja anasikia nyuma yake kingine kinafungwa, mpaka alipoingia jikoni akakuta chungu cha maharage kilichokuwa kinachemka kwenye jiko la gesi kimefungwa kwenye shuka, mchuzi wa moto unachuruzika, na vifundo vimegeukia ndani.

Alikaa chini akalia kwa hasira.

"Mama," binti alinong'ona, akichuchumaa kando yake. "Kuna jambo nataka kukwambia. Kuhusu lile sanduku..."

"Kama si kunishikia ncha ya shuka hii, usiniambie jambo lolote!"

Binti akashika ncha ya shuka.

Mganga waliyemwita alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa mwili na maneno. Alivua kandambili mlangoni, akatega sikio juu ya sanduku, akauliza fundi alisema nini hasa siku ile. Fundi akarudia, neno kwa neno, akiona aibu.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja," mganga alisema. "Wewe umeliita likaja, ukalipa na kazi. Sasa nitamshukuru, nimwambie kazi imekwisha. Lakini nijibuni kwanza, na msinifiche. Kuna aliyelifungua?"

"Mimi..." binti alianza.

"Hakuna!" fundi alidakia. "Ufunguo huu hapa shingoni kwangu. Mwanangu, acha wakubwa wamalize. Nimechoka na vifurushi, mama, tufanyie!"

Mganga alimtazama binti. Binti akainamisha kichwa. Mganga akageukia sanduku, akafukiza, akasema kwa upole, kama anayemuaga mgeni: "Mwenyewe, umelinda, tunashukuru. Chukua kilicho chako, acha kisicho chako, uende."

Sanduku likagonga mara moja. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, ukajifunga, na harufu ikakatika.

Asubuhi masufuria yalikuwa rafuni. Fundi alicheka peke yake, akaimba akipika chai. Kisha akalifungua sanduku. Bangili zilikuwepo zote, zinang'aa. Akazibeba mikononi, akaenda kumwonyesha binti yake.

Chumba kilikuwa kitupu. Mapazia yameshushwa, kitanda kimekongolewa, na nguo zote zimefungwa kifurushi kimoja kikubwa katikati ya sakafu. Binti alikuwa amekaa juu yake, amevaa viatu.

"Nilizijaribu, mama," alisema, akizitazama bangili. "Siku ya lori, ulipokwenda kuoga. Ufunguo ulikuwa juu ya kitanda chako. Nilijua ni utani wetu. Nilitaka kukwambia."

Bangili zikamponyoka fundi. Alipiga magoti, akavamia vifundo kwa vidole vyake vya kazi, na kila alichokilegeza kilivutwa kutoka ndani kikakazwa upya. Ndipo alipoona kimoja kimeshika pindo la gauni la mwanawe.

"Mke wangu!" mwalimu aliita kutoka uani, amekereka. "Umewaita tena watu wa lori? Wapo nje hapa. Wanasema wamekuja kuchukua mzigo mmoja."